Betri mpya haitibu athi mbovu

Gari la zamani likikataa kuwaka hapa Malindi, hukumu hutolewa kabla boneti halijafunguliwa: betri imekufa. Jirani anasema hivyo, dereva wa tuktuk aliyesimama kuangalia anasema hivyo, na muuzaji wa betri hana sababu ya kubisha. Mwenye gari anatoa pesa, anafungiwa betri mpya, gari linashika, kila mtu anakwenda zake. Wiki chache baadaye ananijia mimi fundi wa umeme wa magari na risiti mkononi, analalamika kwamba ameuziwa betri feki. Napima betri, nzima. Mara nyingi mno kilichooza ni waya wa athi, ule mweusi unaounganisha hasi ya betri na injini na bodi. Bei yake ni ya mlo mmoja wa hotelini, na hakuna aliyeutazama.

Nimechoka kuona watu wakipoteza pesa hivi, kwa hiyo nayaandika hapa maneno ninayoyasikia kila siku, na jibu langu chini ya kila moja.

“Umeme uko kwenye waya mwekundu. Ule mweusi ni wa kufungia tu.”

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Naisikia kwa madereva, na kinachoniuma zaidi, naisikia kwa vijana wanaofunga redio na alamu, ambao walitakiwa kujua. Ampea zote zinazotoka kwenye chanya lazima zirudi kwenye hasi. Stata, ile mota inayozungusha injini iwake, kwenye gari dogo la petroli huvuta kama ampea 100 hadi 200, na ya dizeli kubwa huvuta zaidi ya hapo. Kiasi hicho hicho kinarudi kwa waya mweusi, hakipungui hata ampea moja. Basi mweusi unataka unene ule ule wa mwekundu na usafi ule ule.

Piga hesabu. Pale athi inapofungwa kwenye injini pakiwa na kutu yenye ukinzani wa omu 0.01 tu, na stata ikivuta ampea 150, volti 1.5 zinapotelea hapo hapo. Betri inatoa volti 10.5 wakati wa kupiga stata, stata inapokea 9. Inazunguka kwa uvivu, au inagonga “tak” mara moja na kunyamaza. Fungeni betri kubwa ya lori kama mnataka, kutu ile bado iko pale pale.

Na sisi wa Pwani tuna chumvi. Kusi likivuma linaleta chumvi mpaka ndani ya boneti, na magari yanayofanya kazi Gongoni na Ngomeni kwenye mashamba ya chumvi yanaoza mara mbili ya mengine. Shaba, risasi na chuma zikikutana mahali penye unyevu wa chumvi, kutu haichelewi. Ubaya wake ni kwamba waya huoza ndani ya ganda. Kwa nje ni mweusi, laini, unapendeza. Lichane ganda kwa kisu sentimita chache kutoka mwishoni, utakuta nyuzi za shaba zimegeuka unga wa kijani unaomwagika kwenye vidole.

Jambo la pili ambalo watu hawalifikirii: injini imekalia raba, na raba haipitishi umeme. Ndiyo maana kuna waya mkubwa wa kwenda kwenye injini na mwingine, au mkanda wa shaba uliosukwa, wa kuunganisha injini na bodi. Gari likishushwa giaboksi, ule mkanda hufunguliwa. Mara ngapi haurudishwi! Bolti inabaki kwenye kopo la bolti, gari linaondoka.

Mzee mmoja wa Mambrui anayebeba nazi kwa Hilux ya kizamani alikuja na shida mbili ambazo yeye aliona hazihusiani: betri ya pili ndani ya mwaka mmoja, na kebo ya eksileta inayokuwa nzito kila ikibadilishwa. Nilimwambia, “Mzee wangu, kaa kwenye usukani upige stata, mimi niangalie huku mbele.” Alipopiga, ganda la plastiki la kebo ya eksileta likaanza kutoa moshi. Waya mkubwa wa athi kwenye injini ulikuwa umeoza ndani, na umeme wa stata ulikuwa unajitafutia njia ya kurudi: unapita kwenye kebo ya eksileta, unaingia kwenye bodi, unamalizia kwa ule waya mwembamba wa bodi hadi kwenye betri. Betri ya kwanza aliyokuwa ameitupa nyuma ya nyumba tuliichaji ikashika. Ukiona kebo ya eksileta au ya klachi imeungua bila sababu, usinunue kebo nyingine kabla ya kupima athi.

Athi hiyo hiyo inaharibu na chaji. Altaneta ndiyo inayochaji betri injini ikiwaka, na regyuleta, inayodhibiti volti zake, inatazama volti za altaneta yenyewe. Ikiona 14.2 inaridhika. Lakini kama njia ya kurudi kwenye betri imeshika kutu, betri inapata 13.2, na kwa volti hizo haijai sawasawa. Kila siku inapungua kidogo, mpaka asubuhi moja inakataa. Hapo sasa altaneta isiyo na ubovu wowote inafunguliwa na kubadilishwa.

“Lakini nimepima waya, mita inalia.”

Mita ikilia inakuambia kwamba umeme kidogo sana umepita, zaidi ya hapo haikuambii kitu. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba utalia vizuri tu. Kamba ya mashua iliyobakiwa na uzi mmoja nayo ingali imefungwa, lakini hakuna baharia atakayevutia nanga kwayo. Athi hupimwa ikiwa kazini.

Weka mita kwenye volti 20 za DC. Chomoa waya wa koili ili gari lisishike. Ncha nyekundu iguse chuma kisafi cha injini, ncha nyeusi iguse kichwa chenyewe cha hasi cha betri, ile risasi ya katikati, siyo taminali iliyokibana. Mtu apige stata sekunde chache. Ikisoma chini ya 0.2, athi ya injini ni nzuri. Ikipita 0.5, umempata mwizi. Kisha acha ncha nyeusi pale pale, na usogeze ncha nyekundu kwenye taminali, kwenye waya, kwenye bolti, hatua kwa hatua, stata ikipigwa kila mara. Pale namba inaporuka ndipo penye ubovu. Rudia kwa bodi. Halafu rudisha waya wa koili, washa injini, washa taa kubwa na feni, na upime kati ya ganda la altaneta na hasi ya betri. Safari hii namba itakuja na alama ya kutoa kwa sababu umeme unaelekea upande mwingine. Usishtuke, angalia ukubwa wake tu. Ikizidi 0.2 kuna kazi ya kufanya.

Tiba yake si ghali. Fungua, sugua kwa msasa mpaka chuma king’ae, rangi yote iondoke chini ya pete ya waya, kaza, kisha ndipo upake grisi juu. Anayepaka grisi kabla ya kukaza juu ya rangi hajafanya kitu. Ule unga mweupe wa kwenye taminali ni wa kuosha kwa maji moto yenye magadi kidogo, na ulinde macho. Mimi kila gari la zamani ninalolishika naliongezea waya wa athi kutoka hasi moja kwa moja hadi kwenye injini, wa milimita mraba 25, na dizeli napanda hadi 35. Waya wa mashine ya kuchomelea vyuma unafaa sana: una nyuzi nyembamba nyingi, haukatiki kwa mtetemo. Pete yake ibanwe kwa mashine ya kubania, siyo kwa nyundo.

Kuna dalili unazoweza kuzisoma bila mita. Geji ya joto inapanda ghafla ukiwasha taa kubwa na kushuka ukizizima. Ukikanyaga breki, indiketa za nyuma nazo zinafifia au kuwaka kidogo. Hizo ni athi, msianze kubadilisha swichi.

“Toa taminali injini ikiwa inawaka. Ikizima, altaneta mbovu.”

Acheni. Kipimo hiki ni cha enzi za dainamo. Altaneta ikinyang’anywa betri ghafla wakati inatoa chaji, volti huruka makumi kwa kufumba na kufumbua, na dayodi, regyuleta na kompyuta ya gari ndizo zinazolipa. Nimeletewa magari yaliyokuwa na waya mmoja tu mbovu, yakafika kwangu na altaneta iliyokufa kwa kipimo hiki. Pima volti kwenye vichwa vya betri injini ikiunguruma: kati ya 13.8 na 14.5, chaji iko. Ikibaki 12 na kitu, haichaji. Ikipita 15, regyuleta imeachia na inaichemsha betri.

“Taa ya betri haiwaki kwenye dashibodi, kwa hiyo chaji iko.”

Washa swichi bila kupiga stata. Taa hiyo lazima iwake. Kama haiwaki, balbu imeungua au waya umekatika, na kwenye altaneta nyingi za zamani, kama zile za Land Rover za miaka ya 1970, umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoamsha altaneta ianze kuchaji. Balbu ndogo ikiungua, altaneta inalala.

“Nimepigwa jampa, nimeacha injini ikiunguruma dakika 10, imejaa.”

Kupigwa jampa ni kuwashiwa gari kwa waya kutoka betri ya gari lingine, na kwa dakika hizo haijajaa hata robo. Altaneta ikiwa kwenye mzunguko wa chini hutoa sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Betri iliyokwisha kabisa itiwe kwenye chaja usiku kucha, altaneta haikuundiwa kazi hiyo.

“Betri imekauka, ongeza asidi.”

Kinachokauka ni maji, asidi inabaki. Ongeza maji yaliyotoneshwa peke yake. Maji ya visima vyetu yana chumvi na yanakula sahani za ndani, hata kama yanaonekana safi.

“Betri ikiwekwa sakafuni inaisha.”

Za plastiki za leo haziishi kwa sakafu. Zinaisha kwa kukaa. Magari ya nyumba za Casuarina yanayofungiwa kuanzia Aprili mpaka wageni warudi hukutwa betri imekufa kwa sababu saa na alamu zimekuwa zikinywa muda wote. Alamu iliyofungwa vibaya inayovuta nusu ampea inamaliza betri ya ampea-saa 60 kwa siku 5. Gari lililolala halitakiwi kuvuta zaidi ya ampea 0.05 hivi. Ukitaka kulifungia kwa muda mrefu, toa taminali ya hasi, basi.

Na ukiwa na gari linalomaliza betri usiku, usiliwashe kwanza kwa jampa njiani. Nipigie simu, nije pale lilipolala. Nataka kuiona betri kama ilivyoamka: 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, na 12 kwenda chini imekwisha. Likishaendeshwa kutoka Maweni mpaka kwangu, namba hiyo imeshapotea na tutakisia.