Duka la Muda la Maandishi ya Mkono: Kinachouzwa Pale ni Nini Hasa?

Duka la muda ni duka linalofunguliwa huku siku ya kufungwa ikijulikana. Hukaa siku chache, wiki kadhaa, pengine mwezi mmoja au miwili, kwenye chumba kilichokuwa kitupu, kona ya jumba la sanaa au kibanda cha maonyesho, kisha likaondoka. Likiwa la maandishi ya mkono, bidhaa yake ni karatasi (mara nyingine kitambaa, ubao au kioo) iliyoandikwa jina, methali, ubeti wa shairi, kiapo cha ndoa au hata neno moja tu, na mtu mmoja, kwa kalamu au brashi, ili itundikwe ukutani itazamwe kama inavyotazamwa picha.

Swali la kwanza la mpita njia huwa ni lilelile: maneno yako kila mahali na ni ya bure, mimi nilipie nini? Ni swali la haki. Jibu ni kwamba duka hili haliuzi maneno. Linauza mkono ulioyaandika, siku ile, kwa pumzi ile. Mwaka 353 huko China, bingwa wa maandishi ya brashi Wang Xizhi aliandika dibaji ya mashairi yaliyotungwa na wageni waliokusanyika Lanting, na inasimuliwa kwamba baadaye alijaribu kuiandika upya mara nyingi bila kuifikia ile ya kwanza. Karatasi yenyewe ilipotea, tulizonazo leo ni nakala. Maneno hayakupotea hata moja, na bado wapenzi wa khati, yaani sanaa ya maandishi ya mkono, wanaililia ile karatasi.

Tofauti kati ya mkono na fonti ya kompyuta inaonekana ukiisogeza karatasi karibu na macho. Herufi "a" ya fonti ni ileile kila inapotokea. Ya mkono haijirudii. Mwishoni mwa mkwaju, yaani mstari mmoja wa kalamu, utaona wino umejikusanya na kuwa mweusi zaidi, kwa sababu kalamu ilitua hapo kidogo kabla ya kuinuliwa. Kama ni brashi, katikati ya mkwaju mrefu wino huanza kuisha na nyuzi nyeupe za karatasi hujitokeza, dalili kwamba mkono ulikuwa unakwenda kasi. Kalamu yenye nibu (ncha ya kuandikia) bapa hutoa unene na wembamba kulingana na pembe inavyoshikwa, ilhali nibu iliyochongoka hufunguka na kunenepesha mstari pale tu inapokandamizwa. Mwenye jicho lililozoea anaweza kusoma mwendo wote wa mkono, ulipoanza, ulipositasita na ulipojiamini.

Uhuru huo wa mkono lakini una kanuni zake. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, anatajwa kuwa ndiye aliyeipa khati ya Kiarabu vipimo: nukta yenye umbo la msambamba inayoachwa na ncha ya kalamu ndiyo kipimo, na urefu wa alifu, herufi ya kwanza, huhesabiwa kwa nukta hizo, kisha herufi nyingine zikafuata alifu. Uingereza nako, Edward Johnston alianza kufundisha London mwaka 1899 na kuirudisha kalamu ya nibu bapa iliyokuwa karibu kusahauliwa. Kwa hiyo mtu anayefungua duka kama hili kwa sababu tu watu humsifu kwamba ana mwandiko mzuri, afikirie tena. Mwandiko mzuri wa daftarini na maandishi yanayostahimili kutazamwa miaka kumi ukutani ni vitu viwili.

Kwa nini basi duka liwe la muda? Kodi ya mwaka mzima ni sababu, lakini si kubwa kuliko zote. Kubwa ni kwamba mkono una kasi yake. Mtu mmoja hawezi kujaza rafu kila wiki, mwaka mzima, bila kazi kuanza kufanana na kuchoka. Duka la muda humruhusu aandike kwa utulivu wiki nyingi, afungue, auze, afunge, arudi mezani. Mnunuzi naye akijua kuwa mlango utafungwa Jumapili huamua haraka, na hilo si dhambi mradi Jumapili ni Jumapili kweli. Tangazo la "siku za mwisho" likirudiwa mara tatu, watu huliona.

Wengi huchanganya dukani kazi za mkono na nakala zilizochapwa. Kuuza nakala si kosa, na kwa mwenye mfuko mdogo ni njia ya kupata kitu kizuri. Sharti ni moja: iandikwe wazi kwamba ni nakala, na kama idadi yake ina kikomo, kila moja ipewe namba kwa penseli, mfano 3/50, na isichapwe ya 51. Duka likijaa nakala tupu, bila karatasi moja ya asili, kwangu hilo ni duka la mabango, na hakuna sababu ya kulifunga baada ya mwezi.

Moyo wa duka ni meza ya kuandikia, na iwekwe mahali inapoonekana, sio nyuma ya pazia. Watu husimama kutazama herufi ikizaliwa hata kama hawakuja kununua. Hata hivyo mbele ya macho ya watu yaandikwe majina na maneno mafupi tu. Ubeti mzima uchukuliwe kama agizo, uandikwe kukiwa kimya.

Agizo nalo lina utaratibu ambao haufai kurukwa. Mteja mwenyewe aandike maneno anayoyataka kwenye kijikaratasi, kwa herufi kubwa, kisha ayasome kwa sauti na kutia saini. Usiandike kwa kusikia. Kuna Mohamed, Mohammed na Muhammad, kuna Catherine na Katherine, na kila mwenye jina anajua lake. Jina lililokosewa haliwezi kuuzwa kwa mtu mwingine, na wino haufutiki. Baada ya hapo huchorwa mistari myepesi ya penseli, nafasi kati ya maneno hupimwa kwenye karatasi ya rasimu, ndipo wino uguse karatasi yenyewe. Mistari ya penseli hufutwa wino ukishakauka kabisa. Raba ikipita kwenye wino unaoonekana mkavu juu huku chini ungali mbichi, saa nzima ya kazi inageuka doa la kijivu.

Vifaa ndivyo vinavyoamua kama ulichouza kitadumu. Wino wenye masizi ya kaboni hauchujuki kwa mwanga. Wino mwingi wa rangi wa kalamu za kawaida huchujuka, tena kwa haraka ukipigwa na jua. Wino wa kale wa chuma na tanini (kemikali itokayo kwenye mimea) huingia karatasini ukiwa hafifu, ukaiva mweusi kwa hewa, na kwa miaka mingi huelekea kahawia na unaweza hata kuila karatasi. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 hujikunja kwa unyevu na huruhusu wino kusambaa. Inatakiwa nzito zaidi, isiyo na asidi, na ya pamba ikiwezekana. Makumbusho hupunguza mwanga hadi takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa kazi za karatasi. Nyumbani hakuna atakayefika huko, ila mweleze mteja asitundike mkabala na dirisha.

Bei haihesabiwi kwa idadi ya maneno. Neno moja kubwa katikati ya karatasi tupu linaweza kugharimu zaidi kuliko beti mbili, kwa sababu halina pa kuficha kasoro, na nyuma yake kuna karatasi kumi zilizotupwa. Hesabu saa, vifaa, fremu, kodi ya siku hizo, na hizo zilizotupwa.

Lipo na suala la hakimiliki, ambalo wengi hulikumbuka barua ya wakili ikishafika. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, pamoja na marekebisho yake, humlinda mtunzi kwa uhai wake na angalau miaka 50 baada ya kifo, na nchi nyingi zimefika 70. Methali ni za wote. Mstari wa wimbo wa msanii aliye hai si wako, hata ukiuandika kwa khati ya dhahabu, mpaka upewe ruhusa. Upande wa pili, mteja akinunua karatasi yako anamiliki karatasi hiyo. Hajanunua haki ya kuipiga picha na kuichapa kwenye fulana. Yaandike hayo kwenye stakabadhi, kwa sentensi mbili.

Kibali cha biashara, mkataba wa chumba na njia za malipo ni kama za duka lolote, isipokuwa kwamba mwenye chumba aulizwe mapema kama misumari ukutani inaruhusiwa.

Siku za mwisho acha kupokea maagizo makubwa, hata mteja akisisitiza. Agizo litakalobaki baada ya kufunga liandikiwe tarehe ya kukamilika na namna litakavyomfikia mwenyewe, na nusu ya malipo iwe imeshatolewa. Nyuma ya kila karatasi iliyouzwa weka kwa penseli jina lako, tarehe, aina ya wino na mahali unapopatikana, maana mwenye kutaka fremu mpya au karatasi ya pili ya kuifanya jozi atakapokutafuta, duka halitakuwapo.