Homa ya Ini C kwa Watumiaji wa Heroini Mombasa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Katika maskani za Kisauni na Mji wa Kale husemwa kwamba unga, yaani heroini, ndio unaokula ini. Lakini homa ya ini C huletwa na virusi vinavyopita katika damu, wala si kwa bomba la sindano pekee, bali hata kwa kijiko, pamba na maji ya kuchanganyia yanapotumiwa na zaidi ya mtu mmoja.

Wapo pia wanaoamini kwamba aliyeambukizwa amekwisha. Takriban watu 3 kati ya 10 huviondoa virusi wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa, wanawake wakiwa na nafasi kubwa zaidi. Kati ya wanaobaki navyo, asilimia 15 hadi 30 hupata makovu makubwa ya ini katika miaka 20, na mengi yanayomsukuma mtu huko yanazuilika: pombe, iwe mnazi au chang'aa, VVU visivyotibiwa, na homa ya ini B, ambayo ina chanjo.

Kipimo cha kwanza nacho hueleweka vibaya. Hicho hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, na ambazo hubaki mwilini hata baada ya mtu kupona, hivyo ni lazima kifuatwe na kipimo cha virusi vyenyewe.

Dhana inayoniuma kuliko zote ni kwamba mtu aache unga kwanza ndipo atibiwe. Shirika la Afya Duniani haliweki sharti hilo. Vidonge vya sofosbuvir na daclatasvir, vinavyomezwa mara moja kwa siku kwa wiki 12, huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa, na wanaotumia methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, hupona vilevile. Methadoni yenyewe haiui virusi, lakini hupunguza kujidunga. Tena anayefika kila siku katika kliniki kama ile ya Kisauni kunywa dozi yake mbele ya mhudumu anaweza kumeza vidonge hivyo papo hapo. Kumwambia mtu huyo asubiri ni kuliacha ini lake liendelee kuharibika wakati dawa ipo.

Kupona, hata hivyo, si kinga, kwani mtu anaweza kuambukizwa tena. Kwa hiyo sindano mpya na vifaa safi viendelee kutolewa wakati wa matibabu na baadaye, na wenzake anaojidunga nao wapimwe na kutibiwa pamoja naye.