Kuanzia chuo cha jamii hakuipunguzii shahada thamani

Wazazi wengi wenye watoto Marekani huamini kwamba anayeanzia chuo cha jamii (community college, chuo cha kozi za miaka miwili hivi), kisha akahamia chuo kikuu cha jimbo, huishia na shahada hafifu. Sivyo: cheti cha shahada hutolewa na chuo kikuu anachohitimu, na kwa kawaida hakitaji alikoanzia.

Linalonipa wasiwasi ni krediti, yaani vipimo vya masomo aliyofaulu mwanafunzi. Shahada ya kwanza huhitaji takriban 120, na somo alilosoma chuo cha jamii laweza kupokelewa na chuo kikuu kama la hiari tu, lisihesabiwe kwenye fani anayosomea. Kijana akalipia jingine na kupoteza muhula. Kabla hajajisajili, fungueni tovuti ya chuo kikuu anachokilenga, tafuteni jedwali la masomo yanayohamishika, mlilinganishe somo kwa somo, kisha mwombeni mshauri wa uhamisho athibitishe kwa maandishi.