Tatizo lako si wati: dhana potofu za wapiga besi wa Mtwara na Lindi

Malipo ya korosho yakianza kutoka, kuanzia Oktoba kwenda mwisho wa mwaka, sherehe hufuatana huku kwetu. Wapiga gitaa la besi wa wikiendi hupanda majukwaani kutoka Mikindani hadi Newala, kutoka Lindi mjini hadi Nachingwea. Mwalimu, dereva wa bajaji, muuguzi, seremala: katikati ya wiki wana kazi zao, Jumamosi wanapiga harusini, Jumapili kwaya inawasubiri. Nawapenda watu hawa, na vyombo vyao ndivyo vinavyoniweka mjini. Lakini wengi wakifika kwenye meza yangu ya ufundi wanakuja na ombi lilelile: "Fundi, besi yangu haisikiki. Nitafutie amplifaya yenye wati nyingi zaidi." Nimelisikia mno. Naliandikia jibu, atakayeniuliza tena nitamwomba asome hapa kwanza.

"Haisikiki kwa sababu wati hazitoshi"

Wati si kipimo cha ukubwa wa sauti. Ni nguvu ya umeme ambayo amplifaya inaweza kuisukuma kwenda kwenye spika. Spika ndiyo inayoigeuza kuwa sauti, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo huishia kuwa joto tu. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Ukitoka wati 300 kwenda 600 umeongeza desibeli 3, na mgeni aliyekaa meza ya nyuma atazitambua kwa shida. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili zinahitajika takribani desibeli 10, yaani nguvu mara kumi: kutoka wati 300 uende 3,000. Piga hesabu hayo ni magunia mangapi ya korosho, kisha turudi kwenye gitaa lako.

Besi inapotezwa na namna ilivyosetiwa. Amplifaya zinazoletwa kwangu baada ya kuunguza spika zina sura moja: nobu ya besi imezungushwa hadi mwisho, ya trebo, yaani sauti za juu, hadi mwisho, ya sauti za kati imeshushwa hadi sifuri, na vumbi lenye chumvi limegandia kwenye shina la hiyo ya kati, kwa sababu tangu siku ile ya kwanza hakuna mkono ulioigusa tena. Ukiwa peke yako chumbani, kwa sauti ya chini, mpangilio huo ni mtamu kweli. Chini kunanguruma, juu kunang'aa. Bendi ikiingia, umekwisha. Huko chini unagongana na ngoma ya mguu ya drams, huko juu unagongana na matoazi na gitaa la rithimu, na pale katikati ambapo ungepata nafasi yako umehama mwenyewe.

Tazama namba. Uzi wa E ukipigwa wazi unatetema hezi 41, yaani mara 41 kwa sekunde. A ni 55, D ni 73, G ni 98. Sikio la binadamu ni zito sana kwenye sauti za chini kiasi hicho. Tunaitambua noti kwa mitetemo inayopanda juu yake: 82, 123, 164, na kuendelea hadi kwenye mamia. Ndiyo maana simu yako, yenye kijispika kisichoweza kabisa kutoa hezi 41, ukiipigia wimbo wa dansi bado unaifuata besi noti kwa noti. Unasikia zile za juu, ubongo unaijaza ya chini. Mpiga besi anayezifuta sauti za kati, hasa kati ya hezi 250 na 800, anafuta kile kinachowawezesha watu kujua ni noti gani imepigwa, na kubakiza mngurumo.

Na mngurumo ndio unaokula umeme. Nobu ya besi kwenye amplifaya nyingi ikifika mwisho huongeza desibeli 12, nyingine hadi 15. Desibeli 12 ni karibu mara 16 ya nguvu. Noti iliyokuwa inahitaji wati 20 sasa inadai 320. Amplifaya yako ya 300 imeishiwa pumzi kabla ya kiitikio cha kwanza, inaanza kukata vichwa vya mawimbi, na koili ya spika, ule waya uliozungushwa unaosukuma koni, inapokea joto ambalo haikutengenezwa kulibeba. Nikiifungua spika ya namna hiyo nakuta koili imekuwa nyeusi, gundi imelainika na kuachia, mizunguko ya waya imefumuka na inakwaruza ndani ya mwanya wa sumaku. Ukiisukuma koni taratibu kwa vidole viwili unausikia mkwaruzo wenyewe. Harufu ya vanishi iliyoungua inatoka hata kabla sijaliondoa jalada. Mwenye nayo ananiambia aliuziwa feki. Mara nyingi spika haikuwa na kosa lolote.

Halafu kuna kumbi zetu: kuta za saruji, bati juu, dari hakuna. Wimbi la hezi 41 lina urefu unaozidi mita 8. Likiachiwa ndani ya ukumbi mdogo linagonga ukuta na kurudi, linajilimbikiza kwenye pembe na kujifuta sehemu nyingine. Mashangazi waliokaa pembeni wanatetemeshwa vifua, waliokaa katikati wanauliza kama besi ipo. Wewe spika umeiweka sakafuni, tena kwenye pembe, ambako mngurumo unaongezeka, na umesimama nusu mita mbele yake. Sauti za kati, ambazo huelekea mbele kwa mstari, zinakupita magotini. Hujisikii, unaongeza. Mpiga solo naye anaongeza. Mwimbaji anapasua koo.

Kabla hujatoa shilingi, fanya hivi. Rudisha nobu zote katikati. Ya besi ipunguze kidogo, ya sauti za kati ipandishe kidogo. Inua spika juu ya kreti la soda au meza imara, sogea mbele mita mbili au tatu, kisha mwombe mwenzako atembee hadi ukuta wa nyuma wakati bendi nzima inapiga, akuambie anachosikia huko. Ukiwa peke yako utaiona sauti yako kavu, imebana puani. Iache hivyo hivyo. Hiyo ndiyo itakayokaa vizuri drams na rithimu zikiingia.

Na vidole pia. Anayegusa uzi kwa woga kisha akategemea amplifaya imwokoe hataokolewa na wati zozote. Piga karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungiwa kwenye mwili wa gitaa, noti itakuwa ngumu na yenye kingo. Sogea kuelekea shingoni, italainika. Hiyo ni ikwalaiza, yaani kirekebisha sauti, uliyonayo mkononi, haihitaji umeme.

Kama baada ya yote hayo bado hutoshi, pesa yako ipeleke kwenye spika. Nyuma ya spika nzuri, au kwenye karatasi yake, kuna namba ya desibeli inazotoa kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Spika ya 94 inahitaji nguvu mara nne ili iifikie ya 100. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza namba hiyo, wote wanauliza wati. Au tafuta boksi la spika la pili linalofanana na la kwanza: amplifaya ya transista inayoruhusu omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), ikitolewa kwenye boksi moja la omu 8 na kufungwa mawili, inatoa nguvu zaidi na wakati huohuo koni zinazosukuma hewa zimekuwa mbili. Kwa pamoja unakaribia desibeli 6. Linganisha na zile 3 za kununua wati maradufu.

Hapo hapo huzaliwa dhana nyingine, kwamba basi kila boksi unaloongeza ni faida. Hapana. Maboksi mawili ya omu 8 yakifungwa sambamba ni omu 4. Matatu ni omu 2.7, na amplifaya iliyoandikwa mwisho wake omu 4 hapo unaichoma. Soma nyuma yake. Imeandikwa.

"Jeki ni zilezile, waya wowote unafaa"

Jeki zinafanana, nyaya hazifanani. Waya wa gitaa una uzi mwembamba katikati na wavu wa kinga unaouzunguka, umetengenezwa kubeba umeme mdogo sana wa pikapu, ile sumaku ya gitaa inayonasa mtetemo wa nyuzi. Waya wa spika ni nyaya mbili nene, hauna wavu. Ukiunganisha amplifaya na spika kwa waya wa gitaa, unapata joto, na ukiyeyuka ndani unapata shoti. Ukifanya kinyume chake, gitaa lako litakusanya kila mlio uliopo ukumbini. Vifungie utepe wa rangi tofauti kwenye ncha, usivichanganye kwenye begi. Ni kazi ya dakika tano.

"Kata waya wa ardhi, mlio wa mvumo kwenye spika utaisha"

Hili linanikasirisha zaidi kuliko wati, ila maelezo yake ni mafupi. Usikate. Ule waya wa kijani na njano, na ile pini ndefu ya plagi, ndivyo vinavyofanya fyuzi ikatike kabla hujafa. Nyuzi za besi zimeunganishwa na daraja, daraja limeunganishwa na jeki, jeki na bodi la chuma la amplifaya. Hitilafu ikitokea na ardhi haipo, nyuzi zinaweza kubeba volti 230, wewe umezishika, na midomo yako imegusa maikrofoni iliyofungwa kwenye mitambo mingine. Umeme unapita kifuani. Mlio wenyewe una dawa zake. Chomekeni vyombo vyote vya jukwaani kwenye chanzo kimoja cha umeme. Tumia kisanduku cha DI, kile kinachounganisha gitaa na mitambo ya ukumbi, chenye swichi ya kutenganisha ardhi ya sauti, ambayo haiigusi ardhi ya umeme. Na kama mlio unanyamaza ukigusa nyuzi, gitaa linahitaji kuwekewa foili ya shaba ndani, niletee. Sherehe ikiwa ya jenereta, muulize fundi umeme kama waya wa ardhi umefungwa kabla hujachomeka chochote.

"Nyuzi za besi hazibadilishwi mpaka zikatike"

Wanaonitajia hili siku hizi wana ushahidi wa mtandaoni: James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi za Motown kule Detroit miaka ya 1960, anasimuliwa kwamba alikuwa habadilishi nyuzi. Sawa. Zake zilikuwa nyuzi bapa, zile zenye uso laini, ambazo hukaa miaka na watu wengi huzipenda zikizeeka. Zako zimezungushiwa waya wa duara. Kila mwanya kati ya mzunguko na mzunguko hujaa jasho, ngozi na, kwa sisi tunaoishi Shangani au pwani ya Lindi, hewa ya chumvi. Zikijaa, zile sauti za juu zinakufa, noti za juu hazikai kwenye tuni, nawe unaanza kuilaumu amplifaya. Kuzichemsha kwenye maji kunazirudishia uhai kwa muda mfupi, si vibaya kwa asiye na pesa, mradi uzikaushe kabisa. Ila dawa ya kweli ni kitambaa kikavu cha pamba: futa kila uzi, juu na chini, mara tu unapomaliza kupiga, kabla gitaa halijaingia kwenye begi. Nawaambia wateja wote. Wanaofuta naona nyuzi zao zinadumu.

"Kaza chuma cha shingo, nyuzi zitashuka"

Chuma kilichomo ndani ya shingo kinarekebisha mpindo wa shingo. Urefu wa nyuzi unarekebishwa kwenye daraja. Bonyeza uzi wa E kwenye kichuma cha kwanza na cha mwisho, kati ya vile vinavyokatiza shingo, kwa wakati mmoja, kisha angalia mwanya kwenye kichuma cha saba au cha nane: karibu milimita 0.3, unene wa kadi ya kuonyesha jina, panatosha. Kama hapatoshi, au pamezidi, zungusha robo mzunguko, tuni upya, liache gitaa litulie, pima tena. Mbao hunywa unyevu, kwa hiyo mvua zikianza Desemba shingo huweza kucheza, na zikiisha hucheza tena. Kichwa cha chuma hicho kikishachakaa kwa kulazimishwa na spana isiyo saizi yake, tengenezo lake ni ghali kuliko gitaa lenyewe kwa wengi wenu.

"Besi ya nyuzi tano ndiyo ya wataalamu"

Uzi wa B ni hezi 31. Spika nyingi za kukodi huku hazifiki huko. Kama mwimbaji wenu anaimba kwenye E bemoli au D na unataka noti za chini zaidi, nyuzi tano zina kazi. Kama unaitaka ipendeze kwenye picha, nunua nyuzi mpya za ile yako ya nyuzi nne na uweke akiba inayobaki.

"Besi ni ya aliyeshindwa solo"

Aliyesema hivyo hajawahi kuingia kwenye chemko la wimbo wa dansi akiwa na ngoma na tumba peke yake, magitaa mengine yamenyamaza, na watu mia wanamtegemea wapi waweke mguu. Besi inataka mtu anayejua kuacha noti, anayejua ngoma ya mguu itapiga wapi kabla haijapiga. Wapiga solo wengi wazuri ninaowafahamu hawawezi.

"Besi ya betri inakula betri kwa sababu ni mbovu"

Kwenye magitaa mengi yenye betri ya volti 9, kuchomeka jeki ndiko kunakowasha mzunguko. Ukiacha waya umechomekwa usiku kucha, betri inafanya kazi usiku kucha hata kama amplifaya imezimwa. Chomoa. Na kwenye begi, pembeni ya kile kitambaa cha pamba, weka betri moja mpya, kwa sababu betri ikianza kuchoka besi hukoroma na kukatika katikati ya wimbo, na saa tano za usiku kule Tandahimba duka la kuuza volti 9 hulipati.