Pini iliyoungua si lazima iwe ndiyo iliyolegea

Kompyuta ikiletwa kwangu kwa sababu inajizima yenyewe katikati ya mchezo, huwa sianzi na programu. Nafungua ubavu wa kasha na kunusa. Juzi nilivuta plagi ya umeme ya kadi ya michoro ikagoma kutoka. Ilipotoka, tundu moja la pembeni lilikuwa limegeuka hudhurungi, kingo zake zimevimba, na plastiki imegandia kwenye pini. Matundu jirani yalikuwa yanang'aa kama mapya.

Mwenyewe alidhani pawa saplai imezidiwa. Haikuzidiwa, ubovu ulikuwa kwenye mguso.

Pale pini inapoingia kwenye kishikio chake cha springi, umeme hukutana na ukinzani kidogo. Joto linalotokea ni mkondo ukizidishwa kwa wenyewe, kisha kwa ukinzani huo. Chukua plagi ya zamani ya pini 4, ambayo ina pini moja tu ya volti 12. Ikipitisha ampea 8 kwenye mguso wenye ukinzani wa miliomu 5 (miliomu ni sehemu ya elfu ya omu, kipimo cha ukinzani), joto ni wati 0.32, halina madhara. Mguso ukilegea hadi miliomu 50, joto linafika wati 3.2, limefungiwa ndani ya kijitundu cha plastiki. Joto hilo hulegeza springi zaidi, chuma hujenga utando wa oksidi, ukinzani hupanda, na joto nalo hupanda. Ndiyo maana plagi inaweza kuvumilia miezi mingi kisha ikaungua kwa jioni moja.

Kwenye plagi za pini nyingi mambo hugeuka, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Pini kadhaa zinapobeba mkondo kwa pamoja, umeme hupendelea njia yenye ukinzani mdogo. Pini iliyolegea hupunguza mzigo wake, na zilizoshika vizuri huubeba. Inayoungua inaweza kuwa ndiyo nzima kuliko zote! Kwa hiyo nikiona tundu moja limeungua, nakagua yote, hasa yale yanayoonekana hayana neno.

Plagi ya 12VHPWR, ile ya kadi mpya za michoro yenye pini 6 za volti 12, imeruhusiwa kupitisha wati 600. Kwa volti 12 hizo ni ampea 50, zikigawanywa kwa pini hizo 6 ni kama ampea 8.3 kila moja. Mbili zikilegea kabisa, nne zinabaki na ampea 12.5 kila moja, zaidi ya uwezo wake. Ile ya pini 8 iliyotangulia iliruhusiwa wati 150 kwenye pini 3 za volti 12, yaani ampea 4.2 tu, na pini zake ni nene zaidi. Nafasi ya kusamehe makosa ilikuwa kubwa. Kadi za michoro za RTX 4090 za Nvidia zilipotoka Oktoba 2022, picha za plagi zilizoyeyuka zilianza kuonekana mwezi huohuo, na nyingi zilikuwa hazijasukumwa hadi mwisho. Toleo lililofuata la plagi hiyo, 12V-2x6 la mwaka 2023, lilifupisha pini ndogo za ishara, ili plagi isipoingia vya kutosha kadi isiruhusiwe kuvuta umeme mwingi. Ni marekebisho mazuri, ila hayasawazishi mkondo kati ya pini.

Unapochomeka, zima mashine kwanza na uitoe kwenye umeme. Sukuma kwa kidole gumba hadi ndoano inase, kisha angalia kwa tochi kutoka ubavuni: usione mwanya wowote kati ya plagi na soketi. Waya usiukunje mpaka uwe umetoka kwenye plagi kwa sentimita 3.5 hivi, maana kuukunja karibu huvuta vishikio upande mmoja.

Na ikiwa imeshaungua, kubadilisha waya peke yake hakutoshi. Pini ya upande wa kadi nayo imebabuka, na itaunguza waya mpya vilevile. Ile kadi ya juzi nimeing'oa soketi nzima na kuichomea mpya.