Nyumba Ikishapigwa Mnada, Unadai Nini?

Wateja wengi wanaoilalamikia benki hapa ofisini kwangu, Moshi, huanza na riba. "Wakili, hawa watu wanatunyonya!" Huenda ni kweli, ila riba uliyoikubali kwa saini yako haitazuia mnada. Mimi naulizia tarehe.

Sheria ya Ardhi, Sura 113, inaitaka benki ikupe notisi ya maandishi ukishindwa kulipa mkopo, na siku 60 zinahesabiwa tangu ulipoipokea, si tangu ilipochapwa. Kwa hiyo nikuombapo bahasha na nakala uliyosainia kupokea, usinione msumbufu. Dalali naye lazima atangaze mnada siku 14 kabla. Zikishapita zote, benki inauza bila kibali cha mahakama. Hapo ndipo watu hushtuka.

Ukitaka zuio, yaani amri ya kusimamisha mnada, mahakama bado inatumia vigezo vya kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969: kuna hoja nzito ya kusikilizwa, utapata hasara isiyofidika kwa fedha, na wewe ndiye utakayeumia zaidi zuio likikataliwa. Hicho cha pili kinawaangusha wengi. Wakili wa benki atasimama aseme nyumba ulishaithaminisha mwenyewe ulipoiweka rehani, basi hasara yake inalipika. Inauma, ila hoja ina mashiko.

Mnada ukishafanyika, mambo hubana zaidi. Kifungu cha 135 kinamkinga mnunuzi. Halazimiki kuchunguza kama kweli ulishindwa kulipa au kama notisi ilikufikia. Labda kuwe na udanganyifu wa benki alioujua au aliopaswa kuujua. Vinginevyo, unabaki na madai ya fidia dhidi ya aliyeuza. Nyumba imekwenda.

Kuna mwanya mmoja ninaoupenda, kifungu cha 133. Aliyeuza anawajibika kutafuta bei nzuri iwezekanavyo. Tuseme nyumba za namna hiyo pale Pasua, hapa Moshi, zinakwenda milioni 80, yako ikauzwa 60 au chini ya hapo. Pengo limefika asilimia 25: benki inadhaniwa imekiuka wajibu wake hadi ithibitishe vinginevyo, nawe unaweza kuomba mauzo yabatilishwe. Lete ripoti ya mthamini, siyo maneno ya jirani.

Kuhusu nyumba ya ndoa, rehani isiyo na ridhaa ya mwenza haisimami. Lakini mume aliyeapa kwenye kiapo kwamba hajaoa asitegemee mkewe aje kumwokoa kirahisi. Sheria ilimtaka yeye mwenyewe aseme ana mke, na kudanganya hapo ni kosa.