Makaroni ya kikaango kimoja: pika kwa maji ya kipimo, kama pilau

Anayejua kupika pilau tayari anajua sehemu kubwa ya chakula hiki. Pilau haipikwi kwa maji mengi ya kumwaga baadaye. Unapima maji, mchele unayanywa, ladha yote inabaki ndani. Watu wa Pwani wanazipika hivyo hivyo tambi za sukari: wanazikaanga mpaka zigeuke rangi, wanatia maji au tui kwa kipimo, wanaziacha zikauke. Ila tambi zikishaingia kwenye chakula cha chumvi, wengi wetu tunabadilika ghafla. Tunazichemsha kwenye sufuria moja, tunamwaga maji, wengine wanazisuuza kabisa kwa maji ya baridi, halafu nyama inaungwa kwenye sufuria ya pili. Mwisho wake ni vyombo vingi vya kuosha na rojo inayoteleza na kutuama chini ya sahani, kwa sababu wanga uliotakiwa kuishikilia umeshakwenda na maji kwenye sinki.

Kwenye kikaango kimoja wanga huo haupotei. Unatoka kwenye makaroni, unaingia kwenye rojo, na rojo inakuwa nzito yenyewe bila krimu. Kinachohitaji akili ni maji, na maji ya Arusha yana tabia yake.

Dakika zilizoandikwa kwenye pakiti zinachukulia kwamba maji yako yanachemka kwa nyuzi joto 100, kama yanavyochemka Dar es Salaam au Tanga. Arusha mjini tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 300 hivi unazopanda, kiwango cha kuchemka kinashuka karibu nyuzi moja. Kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 na kitu. Moshi mjini, kwenye mita 800 na ushee, ni kama nyuzi 97. Ukiongeza moto hupati joto zaidi. Yanatokota kwa fujo tu na kukauka haraka, huku yakibaki kwenye nyuzi zile zile 95. Ndiyo maana mtu anafuata pakiti inayosema dakika 9, anakuta makaroni laini nje na magumu katikati, kisha anailaumu kampuni. Kwa Arusha mimi huhesabu dakika 13 hadi 14 kwa makaroni ya pakiti ya dakika 9, kwa kuwa ndani ya rojo ya nyanya huwa yanachelewa pia kuliko kwenye maji matupu. Moshi punguza dakika mbili. Walioko Ngaramtoni na kupanda juu zaidi waongeze moja.

Muda ukirefuka, na mvuke unaopotea unaongezeka. Kwa gramu 300 za makaroni, Arusha naanza na mililita 800 za maji ya moto na naweka akiba ya mililita 200 kwenye chupa ya chai. Moshi, 750 na akiba ya 150. Chupa ya chai ni kifaa muhimu hapa, si pambo. Ukiongeza maji ya baridi katikati, kikaango kizima kinaacha kuchemka kwa dakika mbili au tatu, na muda huo makaroni yamelala kwenye maji ya uvuguvugu yakivimba nje bila kuiva ndani.

Jambo lingine kuhusu maji ambalo mapishi ya kutoka nje hayawezi kukuambia: maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru yana maji yenye floraidi nyingi, ile inayotia meno madoa ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inabaki na kuzidi kukolea. Ukipika kwa kumwaga, maji mengi yanaishia kwenye sinki, lakini hapa yote yanaliwa. Tumia maji yale yale unayowapa watoto kunywa, si ya bomba lolote lililo karibu.

Sasa vitu vyenyewe, kwa watu wanne. Makaroni gramu 300, yaani robo tatu ya pakiti ya gramu 400. Kama huna mzani, ni vikombe vitatu vya robo lita. Nyama ya kusaga robo kilo. Vitunguu maji viwili vya wastani; vile vyekundu vya Mang'ola vinafaa sana kwa kuwa havitoi maji mengi. Karoti moja, hoho moja, punje nne za kitunguu swaumu. Nyanya nne au tano zilizoiva, jumla kama gramu 400, na vijiko viwili vya chakula vya nyanya ya pakiti. Mafuta ya alizeti vijiko viwili. Chumvi kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa. Binzari nyembamba nusu kijiko cha chai, pilipili manga robo. Maziwa yaliyokwisha kuchemshwa, mililita 100, na chizi ya kukwangua gramu 50 kama ipo. Isipokuwepo chakula hakiharibiki.

Kuhusu nyanya, zile ndefu zenye nyama nyingi ni bora kuliko za duara zenye maji. Kama soko limekupa za duara, zitumie, ila usiziharakishe. Sababu nitaieleza kwenye moto.

Makaroni yenyewe yachague kwa kusoma viambato. Ukiona neno durum au semolina, hiyo ni ngano ngumu, na itavumilia dakika 14 bila kuvunjika. Ikiandikwa unga wa ngano tu, mara nyingi ni ngano laini, ile ile ya maandazi. Itaiva mapema na kuacha wanga mwingi. Kwa hiyo punguza maji mililita 100 na anza kuonja dakika ya nane. Usidanganywe na rangi ya njano, kwani rangi inaweza kutiwa.

Kikaango, au flampeni kama wengi tunavyosema, kiwe cha upana wa sentimita 28 na kina cha sentimita tano au sita, na kiwe na mfuniko. Kikiwa kifupi zaidi, povu la wanga litamwagikia jikoni. Sufuria pana yenye kitako kinene inafaa pia. Sufuria nyembamba za alumini ndizo zinazounguza, hasa juu ya mtungi mdogo wa kilo 6 wenye jiko kichwani, kwa sababu moto wake unakusanyika katikati. Dawa yake ni kukizungusha na kukisogeza kikaango kila baada ya dakika tatu, ili moto ufike pembeni pia. Kwenye jiko la mkaa ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani: kaanga kwenye mkaa uliokolea, kisha makaroni yakiingia funga mlango wa chini wa jiko.

Tuanze. Pasha mafuta kwa moto mkubwa mpaka yasogee kama maji ukiinamisha kikaango. Tandaza nyama, kisha iache dakika tatu bila kuigusa. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanakoroga tangu mwanzo, nyama inatoa maji, inajichemsha yenyewe na kuwa ya kijivu. Ikiachwa itapata rangi ya kahawia upande wa chini, na ile kahawia inayogandia kwenye kitako ndiyo itakayofanya kazi ya kyubu ya mchuzi. Ivunjevunje kwa mwiko, ipe dakika tatu nyingine.

Punguza moto uwe wa wastani. Tia vitunguu na karoti iliyokwanguliwa, kaanga dakika nne au tano mpaka kingo za vitunguu zianze kubadilika. Tia kitunguu swaumu na binzari kwa nusu dakika tu. Kitunguu swaumu kikiungua uchungu wake hautoki. Nyanya ya pakiti inaingia sasa, kabla ya nyanya mbichi, na ikaangwe dakika nzima mpaka mafuta yawe mekundu. Ukiitia pamoja na maji, ule ukali wake wa kopo utaukuta kwenye sahani.

Nyanya mbichi zikate katikati na uzikwangue kwa kikwangulio cha karoti, ganda likibaki mkononi. Zimimine, tia chumvi, ziache zikauke mpaka mafuta yajitenge pembeni na mwiko uache njia inayoonekana kwenye kitako. Kwa nyanya ndefu ni dakika nne, kwa za duara zinaweza kufika nane. Usiharakishe. Nyanya moja ina maji mengi, nyingine machache, na zikiingia na maji yake yote, kile kipimo cha 800 hakina maana tena. Zikishakaushwa mpaka mafuta yajitenge, nyanya zote zinakuwa sawa, na hapo tu kipimo kinaanza kuaminika.

Mimina maji ya moto, kwangua kitako chote kwa mwiko, chemsha. Makaroni yaingie maji yakiwa yanachemka kweli. Sukuma yote yazame. Dakika mbili za kwanza koroga mfululizo, kwa kuwa ndipo wanga wa juu unapolainika na kutaka kugandisha makaroni yenyewe kwa yenyewe na kwenye kitako. Baada ya hapo funika, ukiacha upenyo wa kidole kimoja, moto mdogo unaotosha kutokota tu, na koroga mara moja kila dakika tatu. Kukoroga zaidi ya hapo kunatoa wanga kupita kiasi, na chakula kinavutika kama gundi.

Dakika ya tisa tia hoho iliyokatwa vipande vidogo. Ya kumi na moja, toa makaroni moja, likate katikati kwa kisu na utazame. Kama kuna nukta nyeupe kwenye unene wake, bado. Rojo ikiwa imekauka na nukta ipo, ongeza mililita 100 kutoka kwenye chupa. Nukta ikiisha na rojo bado inaelea, ondoa mfuniko na ongeza moto dakika moja, kisha zima. Zima ikiwa bado majimaji kidogo kuliko unavyotaka kuila, kwa sababu inaendelea kunywa hata ikiwa sahanini, na usiku wa Julai hapa Arusha unaifanya igande haraka zaidi.

Maziwa yanaingia moto ukiwa umezimwa na mtokoto umetulia, kidogo kidogo huku ukikoroga, kisha chizi, kisha pilipili manga. Funika dakika tatu. Maziwa yakimiminwa kwenye nyanya inayochemka yanakatika: uchachu wa nyanya na joto kwa pamoja vinafanya protini yake ishikane mabonge. Kuyalinda zaidi, koroga kijiko cha chai cha unga wa ngano ndani ya maziwa ya baridi, yapashe mpaka yawe mazito kidogo, ndipo uyatie. Yakishakatika hayarudi, ingawa ladha haibadiliki sana, na giligilani ya kutosha juu inaficha mengi. Anayetaka mtindi atumie mzito, auchanganye kwanza na vijiko viwili vya rojo kwenye bakuli.

Chumvi inahitaji onyo. Wengi wamezoea kutia chumvi nyingi kwenye maji ya kuchemshia tambi, jambo lisilo na tatizo kwa kuwa maji yale yanamwagwa. Hapa hakuna kinachomwagwa, na rojo inavyopungua chumvi inakolea. Kijiko kimoja kilichosawazishwa, basi, na ukitumia kyubu ya mchuzi, chumvi iwe nusu ya kijiko hicho. Ikizidi, usisumbuke na kiazi. Kiazi hakichagui chumvi, kinanyonya rojo pamoja na chumvi iliyomo. Ongeza maziwa au kiganja cha makaroni na maji yake.

Na usitie magadi eti yawahi kuiva. Yanalainisha nje mpaka pawe na utelezi, huku ndani pakibaki pale pale.

Ikiungua chini, pua itakuambia kabla ya macho. Usikwangue. Hamishia sehemu ya juu kwenye chombo kingine mara moja, ongeza maji ya moto kidogo, endelea. Harufu ya moshi inasambaa zaidi mwiko unapofika kwenye kilichoungua.

Bila nyama inawezekana vizuri tu: vikombe viwili vya maharage yaliyokwisha chemshwa, yatiwe pamoja na maji, na kijiko kimoja zaidi cha mafuta. Mchicha au spinachi iingie dakika mbili za mwisho, si mapema, la sivyo rangi inageuka na maji yake yanaharibu kipimo. Spageti nazo zinakubali zikivunjwa mara mbili, ila zinataka kukorogwa dakika nne za mwanzo badala ya mbili. Kwa siku ya kazi, sioni sababu ya kujitesa nazo.

Anayefika nyumbani saa moja jioni na watoto wana njaa anaweza kuifanya kazi ndefu Jumapili: kaanga nyama, vitunguu na nyanya mara tatu ya kipimo hiki mpaka mafuta yajitenge, gawa kwenye vyombo vitatu, moja kwenye friji na mbili kwenye friza. Siku ya kazi unapasha kimoja, unatia maji na makaroni, na kuanzia kuwasha jiko hadi sahani ni dakika 20.

Kiporo kiingie friji ndani ya saa mbili. Asubuhi kitakuwa kimegandamana kama mkate. Kwa kila sahani tia mililita 60 za maji au maziwa, funika, moto mdogo, dakika nne, na usikoroge mpaka mvuke uanze kutoka, maana makaroni yaliyogandamana yakikorogwa ya baridi yanavunjika.